Sauti ya Mzee Albano

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso unanichoma, hata nikiwa peke yangu jikoni. Juzi uliniuliza kwa nini zile timu mbili kubwa za Lisbon, wekundu na wa kijani, zikicheza mimi naangalia kimya, na kipenga cha mwisho kikilia nazima televisheni naondoka. Ulicheka, ukasema baba amezeeka. Kuzeeka nimezeeka, lakini sababu si hiyo. Kaa nikueleze. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu tu, ila sikiliza kwa Kiswahili.

Nilikuwa kijana, napakia mizigo kwenye ghala moja kule Hayes, huku huku kwa Waingereza, karibu na uwanja wa ndege. Mwenzangu wa shifti alikuwa Tomé, Mreno mpole wa rika langu, na yeye ndiye aliyenipeleka kwao. Baba yake, Mzee Albano, alikuwa fundi ujenzi mstaafu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata ndani ya nyumba. Mama yake, Dona Lurdes, hakukubali niondoke Jumapili bila kula. Sikuwa na ndugu mji huu, basi ile nyumba ikawa kwetu.

Mzee alikuwa shabiki wa wekundu, kufa na kupona. Mimi nikachagua wa kijani, wala sikuwajua wachezaji wao, nilitaka tu nipate wa kumtania. Nilimfundisha neno moja la Kiswahili, mtani, akalishika kweli. Wa kijani wakifungwa, ananipigia simu asubuhi kuniuliza kama chai imepita kooni. Wekundu wakifungwa, nami simwachi. Na mpira ukiendelea alikuwa na kilio chake: anapiga goti kwa kiganja na kumwita mwamuzi kwa Kireno, kwa sauti nyembamba ya kuvuta, jirani wote wanasikia. Nilimwiga vizuri sana, mwanangu. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka ule timu hizo zilifukuzana msimu mzima, na mechi yao ndiyo ingeamua nani achukue ubingwa. Ilikuwa ichezwe Jumamosi mchana. Alhamisi, Mzee Albano akafariki kwa moyo, akiwa kwenye kiti chake. Tomé alinipigia mwenyewe. Nikampa pole, nikamwambia nakuja.

Sikwenda. Aibu yenyewe inaanzia hapa, kabla ya hayo mengine utakayoyasikia. Ijumaa sikuwa na shifti, nikalala. Jumamosi nikajiambia nitapita nikishaona mpira. Nikakaa kwenye mkahawa mmoja wa Wareno, wa kijani wakapata bao dakika za mwisho, nikarukaruka na watu nisiowajua. Kisha nikaenda msibani na skafu ya kijani shingoni.

Unajua sisi Wanyamwezi tuna watani wetu, Wazaramo, na mtani anaweza kuingia msibani akamwiga marehemu, wafiwa wakacheka huku wanalia, na hakuna wa kumkasirikia. Njia nzima nilijiambia kwamba nakwenda kufanya hivyo. Nilijidanganya. Ushindi ulikuwa umenipanda kichwani na nilitafuta mahali pa kuringia.

Sebuleni watu kama kumi walikuwa wamekaa kimya. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu, kofia yake imewekwa pale pale. Nikaivaa, nikaketi. Nikapiga goti kwa kiganja na kumwita mwamuzi, kwa ile ile sauti.

Hakuna aliyecheka. Nikasikia kitu kinaanguka jikoni, kisha mtu anakimbia, na Dona Lurdes akatokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni, uso wake umekunjuka kwa furaha. Alikuwa ameitikia sauti ya mumewe. Akaniona mimi. Akabaki amesimama, maji yanadondoka kwenye zulia, halafu akageuka akarudi jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Tomé akaja, akanivua kofia taratibu.

"Nenda nyumbani," akasema. Hakunitukana, na afadhali angenipiga.

Wakati ule nilipanga chumba Barking kwa Bi Mwanaidi, Mzaramo, mtani wangu halisi wa kabila. Mama yule hakuwa ananipa nafasi ya kupumua kwa maneno yake. Nilimsimulia huku nikijitetea, nikisema hawa Wazungu hawajui mila. Siku ile hakunitania.

"Mzee alifariki lini?" aliniuliza.

"Alhamisi."

"Nani aliyepokea wageni? Nani aliyeosha vyombo?"

Nilikuwa nimeona mwenyewe ni nani aliyekuwa anaosha vyombo.

"Mtani hutangulia kufika," alisema. "Anachimba kaburi, anachota maji, anafagia. Akishachoka ndipo anachekesha, na watu wanamwachia kwa kuwa wameliona jasho lake. Wewe umetoka kwenye mpira. Tena mle ndani mtani wako alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekufa. Sasa ulikwenda kumtania nani?"

Kesho yake nikarudi. Nilipita mlango wa nyuma, sikuthubutu kumwangalia mtu usoni, nikaanza kuosha vyombo. Nilifanya hivyo kila nilipotoka kazini mpaka mzee alipozikwa, wiki mbili na zaidi, maana huku maziko huchelewa. Tomé alikuja kunisemesha siku ya kubeba jeneza, aliponionyesha mahali pa kushika. Urafiki ulirudi, lakini habari za mpira hatukuzigusa tena.

Dona Lurdes hakuwahi kulitaja jambo lile. Miaka ikapita, akaamua kurudi kwao Ureno, nikaenda kumsaidia kufunga mizigo. Tukiwa wawili tu chumbani, akanishika mkono.

"Ile sauti yake," akasema. "Nifanyie mara moja. Nimeanza kuisahau."

Nikapiga goti kwa kiganja, nikafungua mdomo. Haikutoka. Nikajaribu tena, ikagoma kabisa, nikabaki nahema mbele yake. Akanipapasa mkono, akaniambia si neno, akaendelea kukunja nguo.

Kwa hiyo, mwanangu, taniana na wenzako, sikukatazi, nyumba isiyo na utani ina baridi. Lakini ukisikia mwenzio amefiwa, nenda siku hiyo hiyo, mpira uache. Ukifika na huna la kusema, tafuta sinki. Usisingizie mila kwa jambo ambalo moyo wako unajua ni majivuno. Na kama umejaliwa kipaji cha kuchekesha, usikitumie kumzomea mtu aliye chini, maana siku kitakapohitajika kweli unaweza usiwe nacho.

Mungu akupe watani wengi wenye umri mrefu. Akupe miguu ya kuwahi. Na siku ukiwapoteza, wajane wao wakikuomba sauti zao, uwe na za kuwapa.