Sijawahi kumaliza thriller hata moja, lakini mianzo yake imetuokolea kibanja

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, wadogo zangu watatu walikuwepo.

Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki. Nikapata kibarua banda la video, Bukoba mjini, kukata tiketi mlangoni. Filamu ikianza nachungulia, dakika kumi hivi, halafu mbio nyumbani Nshambya kuwapikia wadogo.

Mwisho wa filamu siujui. Mwanzo niulizeni mimi!

Thriller za zamani, zile filamu za taharuki, hazina haraka. Unaonyeshwa kitu kimoja tu, tuseme begi juu ya kiti. Hakuna anayeongea. Muziki hakuna, saa ya ukutani tu inagonga. Hujaambiwa kuna hatari, lakini banda zima kimya, mtu ana karanga mdomoni hatafuni. Woga unautengeneza mwenyewe kichwani.

Sasa mwaka huu baba mdogo akatoka Kimwani, anadai marehemu baba alimpa kibanja chetu cha Kamachumu. Shamba la migomba na kahawa ninalolipalilia kila Jumamosi. Makaburi ya wazazi yako pale pale.

Ukoo ukaitwa, tukakaa kwenye nyumba yetu ya huko. Karatasi ya umiliki sina.

Nikaweka kikapu kidogo katikati ya sebule, nimekifunika kitambaa. Nikakaa kimya.

Baba mdogo akaanza kwa madaha. Mara jicho kwenye kikapu. Maneno yakaanza kumpotea.

"We binti, humo kuna nini?"

"Endelea tu baba, nakusikiliza."

Akaendelea kidogo. Akafuta jasho. Kisha akalipuka: "Kama ni ile barua kwa marehemu kaka, niliiandika nikiwa na shida! Niliomba kuvuna kahawa msimu mmoja tu!"

Wakuu, hiyo barua sijawahi kuiona maishani mwangu.

Mzee wa ukoo akamgeukia. "Barua ipi tena, waitu? Si umesema ulipewa kibanja?"

Shangazi akadakia: "Leo umejikaanga kwa mafuta yako!"

Nikafunua kikapu. Akamwani, kahawa ya kutafuna tunayokaribishia wageni kwetu. Nikagawa kuanzia kwa mzee, na baba mdogo nikampa zake.

Mzee akatafuna taratibu, akasema, "Mwenye nyumba ametukaribisha. Kikao kimekwisha."

Kibanja ni chetu!

Nilichojifunza: ukiwa na haki, usikimbilie kujaza kimya kwa maneno. Weka kitu mezani, tulia, mwenye hofu ataongea.

Wadogo wamekua, sasa wanajipikia. Nitajieni thriller za zamani mnazozikubali. Safari hii naangalia mpaka mwisho.