Mwalimu kaniambia insha yangu ya historia haina hitimisho, nikamwambia hitimisho liko nyumbani kwangu Igoma

Wakuu, habarini humu ndani.

Nasema wakuu kwa kufuata desturi ya jukwaa tu, maana kwa umri wangu mkuu hapa ni mimi. Marahaba wajukuu zangu, marahaba, najua mlitaka kunisalimia vidole vikachelewa.

Hii si chai, si ya kutunga. Nimeiishi mwenyewe hapa Igoma, Mwanza, na mhusika mmoja ana akaunti humu, huwa anasoma kimya kimya hakomenti. Shija mwanangu, nakuona. Soma mpaka chini.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikirukana mtanivumilia.

Kwanza mnijue. Mimi ni bibi, shule niliishia darasa la nne. Ujana wangu wote nimeanika dagaa ufukweni na kuwauza sokoni, sasa miguu imechoka naishi kwa huyo Shija, mwanangu wa kwanza, fundi wa kuchomelea mageti. Roho anayo nzuri, simsemi vibaya. Ila kichwa chake, mnayajua mawe ya Mwanza? Basi.

Mkewe anauza sokoni, anatoka alfajiri anarudi giza. Wapo watoto wawili. Limi, binti, yuko fomu tuu, anapenda hesabu mpaka naogopa, jioni anabaki shuleni kwa hesabu za ziada. Na Masele, kitinda mimba, hata kuongea bado hajanyoosha lakini mbio zake ni za panya buku.

Sasa mwaka jana nikasikia shule ya msingi ya jirani wamefungua darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi, watoto wakishatoka. Nikaenda kuchungulia.

Nikachungulia, nikakaa.

Shija akaniuliza, "Mama, unasoma ili uje kuwa nani?"

Nikamwambia, "Nije kuwa niliyesoma."

Akacheka. Nikamwacha acheke, meno ni yake.

Darasa lenyewe raha tupu. Tunakalia madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Mwalimu wetu anaitwa Neema, binti mdogo kabisa, akiingia anasema, "Shikamooni wanafunzi wangu, haya nyamazeni." Shikamoo na kunyamazishwa kwa pumzi moja! Wapi mtapata?

Masele nilikuwa naenda naye. Anakaa chini ya dawati langu. Mwanzoni alitulia, baadaye akagundua chaki. Akazila. Siku nyingine akamfungua Mzee Petro kamba za viatu, mzee wa watu akanyanyuka kujibu swali akaenda chini mzimamzima. Mwalimu akaniambia kwa upole, bibi, huyu mtoto tutafutie ufumbuzi.

Nikamfikishia Shija. Shija bila hata kuinua macho kwenye ugali akasema:

"Sasa mama, wewe ukienda, na nyumbani atabaki nani?"

Lishikeni hilo swali, tutalirudia.

Wiki hiyohiyo mwalimu akatupa insha ya historia. Akaandika ubaoni: Mwendelezo na mabadiliko katika eneo lako, tangu utoto wako hadi leo. Akasema insha hiyo ndiyo itaamua nani apande kundi la juu na nani abaki kundi la chini.

Moyoni nikasema imekwisha hiyo. Mimi? Habari za zamani? Mbona nimepewa mtihani wa kula ugali!

Nikaandika kurasa na kurasa. Kwamba tulikula samaki furu mpaka tukachoka nao, akaja sangara, furu akawa hadithi. Kwamba tulichota maji ziwani kwa mtungi, sasa kuna bomba. Kwamba dagaa tulianika kwenye mchanga, mnatafuna na kokoto, sasa wanaanikwa kwenye chanja. Kwamba magugu maji yalikuja yakafunika ziwa kama zulia, tukadhani mtu kalima mpunga. Na kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Hapo nilijaza ukurasa mzima, mkono wenyewe ulikuwa unakimbia.

Mwalimu akanirudishia. "Bibi, hii ni mabadiliko matupu. Mwendelezo uko wapi? Nini hakijabadilika?"

Wakuu, nikakwama. Sisi wazee mtu asitudanganye, tunajua kusema zamani ilikuwa hivi siku hizi ni vile. Ukituuliza nini kiko vilevile, tunakodoa macho.

Nikafikiri weeee. Nikaandika: mawe.

Kumbe darasa zima limeandika mawe! Mzee Petro mawe. Mama wa Mkolani mawe. Hata yule aliyeandika habari za kivuko na daraja, mwishoni kamalizia na mawe. Mwalimu Neema akashika kichwa. "Mawe ni jiografia! Mimi nataka watu! Watu wanafanya nini leo ambacho walikifanya na zamani?"

Akatupeleka Bujora, makumbusho ya Wasukuma, labda tutapata mawazo. Mimi nimefika pale nimechoka, nikaona kigoda cha mti kizuri kama cha marehemu mama yangu, nikakikalia. Mlinzi akaja mbio. "Bibi, bibi, hicho ni cha makumbusho!"

Nikamwambia, "Na mimi pia. Tuache tupumzike pamoja."

Lakini mawazo sikupata. Vitu vyote pale vilikuwa vya zamani, na mimi nilitafuta cha zamani ambacho bado kinatembea.

Sasa sikilizeni.

Alhamisi iliyofuata Shija akaniambia nenda tu darasani mama, Masele muache na jirani kidogo, nimeshapanga. Nikafurahi. Nikamwombea dua njiani.

Nimerudi nyumbani jioni, jua bado lipo, nakuta Limi uani. Yuko na yunifomu yake, Masele kamfunga mgongoni kwa khanga, anafua.

"We Limi, mbona mapema? Hesabu za jioni leo hamna?"

"Zipo bibi. Baba kasema Jumanne na Alhamisi niwe naziacha, nibaki na Masele. Ili wewe usome."

Kasema hivyohivyo, ametulia, anakamua soksi. Hakununa. Angenuna ningepona.

Nilikaa kwenye ndoo pale uani, nikajikuta niko kwa baba yangu.

Niko darasa la nne. Asubuhi, miguu ina umande, nimeshasimama mlangoni na daftari langu. Mama kajifungua juzi. Kaka yangu ananipita hapo mlangoni anakimbilia shule. Baba anamwangalia anapita. Halafu ananigeukia mimi, na wala hakuwa mkali, baba yangu alikuwa mtu mpole, ananiambia:

"Sasa wewe ukienda, na nyumbani atabaki nani?"

Nikaweka daftari chini. Ndiyo ikawa mwisho wangu wa shule.

Wakuu, baba yangu alikufa Shija hajazaliwa. Hawakuonana hata siku moja! Nani alimfundisha lile neno, hadi ile "sasa" ya mwanzoni?

Nikainuka kwenye ndoo. Mwendelezo nimeupata.

Nikamfungua Masele mgongoni kwa yule mtoto, nikamwambia Limi, "Jumanne nikikukuta hapa kabla ya hesabu kuisha, nakuchapa." Akanishangaa. Kwa nini achapwe kwa kuwahi nyumbani?

Insha niliiandika upya. Ilitoka fupi. Nawanukulia kipande:

"Wamebadilika samaki. Yamebadilika maji. Imebadilika nyumba, ilikuwa ya nyasi sasa ni ya bati. Swali la mlangoni halijabadilika. Nyumbani atabaki nani. Anauliza mwanaume, anaulizwa msichana. Mvulana anapita hapohapo mlangoni na haulizwi."

Jumanne Masele nikamwacha kwa jirani kweli, alinikubalia siku hiyo moja tu, nikaenda kuisoma mbele ya darasa. Mwanzo walicheka, walizoea vituko vyangu. Halafu mama wa Mkolani akasema kwa sauti, "Rudia hapo kwa mvulana."

Nikarudia.

Mzee Petro akaguna. "We mama, unatuanika wanaume."

"Mzee Petro, nimeanika dagaa maisha yangu yote, mwanaume mmoja atanishinda?"

Darasa lilipasuka. Hata yeye alicheka, jamani, mzee yule hana ubaya.

Mwalimu Neema alikuwa anaangalia dirishani. Akasema, "Bibi, ni nzuri sana. Ila siwezi kukupandisha nayo, haina hitimisho. Umesema kilichobadilika, umesema kilichobaki. Hujaniambia tunaelekea wapi. Kitaendelea, au kitakoma?"

Nikamwambia, "Hitimisho liko nyumbani kwangu, linachomelea mageti."

Akanipa mpaka Alhamisi.

Usiku ule baada ya chakula nikamsomea Shija. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, umeenda kunisema shuleni?"

"Jina sijaweka. Nimeandika mwanaume. Ukijiona humo, shauri yako."

"Kwa hiyo unataka nifunge kazi?"

"Lile swali la nyumbani atabaki nani, babu yako aliniuliza nikiwa mtoto, nikakosa jibu. Leo umeniuliza nimeshazeeka. Jibu ninalo. Atabaki wewe. Siku mbili kwa wiki, jioni kidogo. Mageti hayatalia."

"Watu watasemaje? Mwanaume nashinda nyumbani nalea?"

"Watasema Shija yuko kwake. Kwani hapa umepanga chumba?"

Mkewe alikuwa anaosha vyombo, nikasikia sufuria limeanguka. Kicheko hicho wakuu, anakificha kwenye sufuria.

Shija akainuka. "Limi atabaki, basi. Mambo mengine mama uwe unayaacha." Akaenda kulala.

Sawa.

Alhamisi nikamwogesha Masele, nikampaka mafuta, nikamvika shati la kanisani. Limi yuko shuleni. Nikabeba begi langu na mjukuu wangu hadi kwenye karakana ya Shija, barabarani kabisa, wateja wapo, mafundi wenzake wapo, cheche zinaruka.

"Shija, mwanao huyu. Mimi naenda darasani."

Akavua miwani ya kuchomelea. "Mama! Mtoto hapa? Huoni moto?"

"Naona. Ndiyo maana mpeleke nyumbani ukabaki naye."

Nikamkabidhi mkononi, nikageuka. Nyuma nasikia wenzake wameshaanza, "Kaka Shija, hongera, umepata ajira ya uyaya!" Nasikia "Mama! Mama!" Shingo yangu ina ugonjwa, ikitazama mbele haigeuki.

Nitawaambia ukweli, darasani sikusikia kitu. Nawaza tu, huyu atampigia mwalimu wa Limi simu. Atamtoa binti kwenye hesabu, atamrudisha. Na mimi nitakuwa nimekaa hapa nasoma kwa gharama ya mtoto wa kike mwingine, na hiyo siitaki hata kwa cheti cha dhahabu. Nilishaapa, nikimkuta Limi uani, daftari naliweka chini kwa mara ya pili, yeye aende.

Mwalimu akadai hitimisho. Nikamwomba ruhusa niende kulichukua.

Nimefika getini. Sisikii kelele. Nachungulia.

Shija kakaa kizingitini na ovaroli lake. Masele kamlalia kifuani, kiatu kimoja, uji mpaka kwenye nyusi. Na Shija mwenyewe uji. Ukutani uji.

Limi hayupo. Yuko kwenye hesabu zake.

Shija akaniona, akaweka kidole mdomoni. "Shhh. Mama, ndiyo kwanza kalala."

Sikuingia. Niliogopa kuharibu. Nikakaa nje ya geti, kwenye jiwe (haya, mawe nayo yamepata nafasi yao), nikaweka daftari kwenye goti nikaandika hitimisho langu:

"Leo amebaki mwanaume. Kesho hatujui."

Nikarudi nalo darasani, Mwalimu Neema akaniwekea vema moja kubwa. Pembeni akaandika: kesho ikijulikana, uniambie. Nikapanda kundi la juu. Mzee Petro kabaki kundi la chini na mawe yake, lakini tunamsaidia.

Sasa msidhani mambo yamenyooka. Jumanne Shija anabaki vizuri tu, uji kaujua. Alhamisi bado tunagombana, eti wateja wa mwisho wa wiki. Kila Alhamisi lazima nimpelekee mtoto karakana na shati la kanisani. Na nitampelekea mpaka nife au nimalize shule, kitakachotangulia.

Nilichojifunza: msituamini wazee tukiwaambia kila kitu kimebadilika. Tunaona samaki tu. Na tusiwaamini ninyi mkisema siku hizi mambo ni tofauti. Nendeni mlangoni kwenu msikilize nani anaulizwa.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu, anabaki nani? Niambieni bila haya, hata kama ni wewe unayesoma hapa umelala kwenye kochi na dada yako yuko jikoni. Matusi nayapokea, nimeuza sokoni mimi. Ila atakayeniletea habari za mawe simjibu.

Shija, najua umefika hapa chini.

Kesho ni Alhamisi.