Kiberiti cha Mzee Hadubini

Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja katika shule ya misheni, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba kidogo nyuma ya zahanati, akichunguza vinyesi vya watu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Hadubini. Ulimwamkia kwa heshima zote, lakini ulipendelea kumwamkia bila kumpa mkono.

Enzi zile vikopo vya plastiki havikuwapo. Mgonjwa alileta choo chake katika kiberiti kitupu, na wengi walikishindilia kana kwamba hospitali ilikuwa na njaa.

"Bibi," alikuwa akisema kwa upole, "hadubini yangu haifugwi. Kiasi cha harage kinatosha."

Yeye alikuwa na utaratibu wake: karatasi iliyokunjwa pembe nne, choo kiasi cha harage, kisha kiberiti kikafungwa kwa uzi mweupe, mizunguko miwili, fundo likakaa chini. Wagonjwa hawakuuzingatia utaratibu huo hata siku moja. Daftarini nako alikuwa na sheria moja, kwamba kilichoandikwa hakifutwi.

Ukutani alibandika bango kwa ule mwandiko wa mshazari tuliofundishwa na masista. Lilieleza kwamba minyoo na amiba huingia kwa mikono michafu, mboga zisizooshwa na maji yasiyochemshwa. Kwamba choo hufunga kwa wanywao maji kidogo na wale wanaojibana. Kisha lilisema kwamba mtu aliyepita miaka hamsini, choo chake kikibadilika kwa majuma kadhaa, au kikawa na damu, au mwili ukapungua bila sababu, asisingizie minyoo, bali apimwe. Mwisho kabisa, kwa wino mwekundu: USIONE AIBU.

Alistaafu, akamwachia chumba binti aliyemfundisha kazi. Mwaka wa pili wa kustaafu, tumbo lake likaanza vituko. Siku tatu lilifunga, siku mbili likafungulia. Mzee Hadubini akasingizia minyoo, akameza dawa. Akasingizia amiba, akameza nyingine. Dawa zilipokwisha akasingizia mafuta ya kupikia.

"Mafuta ni yale yale miaka arobaini," mkewe alimjibu. "Leo ndiyo yamekugeuka? Na huo mkanda mbona umeutoboa tundu jipya?"

"Nimepungua kidogo. Ni mazoezi."

"Mazoezi gani, baba watoto? Ya kukimbilia chooni?"

Mkanda ulipopata tundu la pili, hofu ikamshinda. Alijua vizuri kuliko sisi sote dalili zile zingeweza kuwa za nini. Lakini kupeleka choo chake kwa mwanafunzi wake, mtaa mzima ukimtazama foleni, hilo hakuliweza. Basi saa ya chakula cha mchana, dirisha la maabara likiwa halina mtu, alipenya, akaweka mzigo wake na kikaratasi chenye jina, akaondoka akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Jina lilikuwa la mkewe.

Siku mbili baadaye mkewe akaitwa zahanati.

"Mama, keti," binti wa maabara alimwambia. "Choo chako kina damu. Kwa macho haionekani, lakini kipimo kimeikamata."

"Choo changu? Mwanangu, mimi sijaleta choo popote. Changu nakiacha nyumbani."

Binti alifungua kabati, akatoa kiberiti. Karatasi ya pembe nne. Uzi mweupe, mizunguko miwili, fundo chini. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akanyamaza ghafla, na yale machozi hayakukauka.

Jioni ile binti alifika nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuomba ushauri. Nina mgonjwa, mama wa makamo."

"Wa makamo!" sauti ikatoka jikoni. "Ahsante, mwanangu."

Mzee Hadubini alikohoa. "Mayai ya minyoo?"

"Hakuna."

"Amiba?"

"Hakuna. Damu ipo. Nimerudia mara mbili."

"Aende hospitali kubwa, utumbo mpana uangaliwe kwa mpira wenye kamera. Asingoje."

"Akikataa?"

"Basi ni mjinga."

"Mjinga huyo nimemwekea miadi Jumatano," binti alisema, akimkabidhi barua ya rufaa. Mzee aliisoma, akashtuka.

"Jina hili mbona hukulibadilisha?"

"Ndilo lililomo daftarini, Mwalimu. Na kilichoandikwa hakifutwi."

Jumatano tulimsindikiza, mkewe na mimi. Ukumbi wa kungojea ulijaa pomoni. Muuguzi alitokea mlangoni akaliita jina la mkewe kwa sauti ya kengele. Mama hakusogea, alitengeneza kanga yake na kutazama dari. Muuguzi akaita tena. Nilimwona rafiki yangu akiutazama mlango wa kutokea, nami nikahofu kwamba angeufuata. Badala yake aliinuka, kofia mkononi.

"Ni mimi," akasema.

"Mzee, nimemwita mama."

"Jina ni la mama. Choo ni changu."

Ukumbi uliangua kicheko, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Mzee Hadubini akaingia.

Walimkuta na kinyama kilichoota utumboni, wakakiondoa siku ile ile. Daktari alisema kilikuwa bado hakijageuka kuwa saratani, ila kisingengojea sana. Mgonjwa, ambaye usingizi wa dawa ulikuwa haujamtoka sawasawa, aliuliza swali moja tu: kilikuwa na ukubwa gani?

"Kama harage," daktari akajibu.

"Kinatosha," akasema, akalala tena.