Meno ya Ponti ya Mbele

Yule mama alipoleta pikapu yake kwetu, nilikuwa nimeinama juu ya karai la nguo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni magurudumu. Yalikuwa mapya, makubwa kupita kiasi, yenye nundu nene, na yalikuwa yameinua gari hata mwenyewe ikambidi aruke ili kushuka. Aliruka vizuri. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kitenge amekifunga juu ya suruali, buti za mvua miguuni, wala hakuchagua pa kukanyaga kama wateja wengine wanaoogopa oili. Alimwendea bwana yangu moja kwa moja.

"Papa, nilibadilisha mapine, na sasa gari imekuwa nzito sawa ng'ombe ya mimba. Mulima haipandi tena."

Gareji ya bwana yangu ni uwanja wa nyumba yetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, kwenye mteremko ambapo kila gari linaloingia huwekewa mawe nyuma ya magurudumu lisirudi barabarani lenyewe. Mimi hupika hapo, hufua hapo, huuza oili kwa vichupa karibu na lango, na kila kinachosemwa uwanjani hunifikia. Kwa hiyo habari yote niliisikia. Yule mama alikuwa anapeleka sabuni, chumvi na samaki wakavu upande wa Shabunda, kwa wachimba dhahabu, mpaka pale barabara inapokataa magari na mizigo inaendelea migongoni mwa watu. Alikuwa ameweka magurudumu makubwa ili tumbo la gari lisikwame kwenye mifereji ya matope. Tumbo lilinyanyuka kweli, lakini nguvu ikapotea. Vitesi ya tano, ile gia ya mwendo wa kasi, haikufaa kitu, ya nne ilichoka upesi, na mlimani alikuwa anasikia harufu ya ambreyaji, ile klachi, ikiungua.

Bwana yangu akaokota chaki, akachora kwenye lango letu la mabati duara dogo, na kando yake duara kubwa.

"Angalia, maman. Pine kubwa ikizunguka mara moja, inafika mbali kuliko ile ndogo. Ni vizuri. Lakini mwenye anaisukuma ni mota, na mota yako haikuongezeka. Sasa tutaingia ndani ya ponti, pale katikati ya magurudumu. Humo mko kuroni, ile mviringo kubwa ya meno, na pinyo, ile ndogo yenye inaizungusha. Tutaweka zingine zenye meno tofauti, pinyo izunguke mara nyingi zaidi kwa kila muzunguko mumoja ya pine. Mota itapumua."

"Nyuma tu?"

"Apana! Nyuma na mbele, na hesabu iwe moja. Ni sawa watu wawili wanabeba kitanda. Mumoja akikimbia na mwingine akitembea, kitanda kitavunjika. Ukiweka magurudumu yote ine yafanye kazi, na mbele haipatane na nyuma, kitu kitakatika."

Nilikuwa nimesimama na shati linachuruzika maji mkononi. Tulikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa. Zamani, nilipokuwa bado mgeni katika nyumba hii, nilimuuliza siku moja kitu gani kimo ndani ya lile tumbo la chuma, akanijibu, "Ayo ni mambo ya gareji, mama ya watoto." Sikuuliza tena. Na mimi nilisoma sayansi mpaka mwaka wa tano wa sekondari, hesabu nikiwa wa kwanza darasani, kabla mimba ya mtoto wetu mkubwa haijanirudisha nyumbani. Leo alikuwa anamchorea mgeni mambo hayo langoni kwangu, kwa upole, huku akingoja maswali yake.

Siku zilizofuata niliwachunguza. Nasema kweli, nilitafuta dalili zile ambazo kila mke huzijua. Nilinusa shati lake. Niliangalia anavyompa mkono. Niliona kwamba ananawa mpaka kwenye viwiko kabla yule mama hajafika, lakini alikuwa ananawa hivyo hivyo padri akileta gari la parokia. Sikupata kitu, na kukosa kitu kuliniuma zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na jambo la kumlaumu nalo. Kosa lao lilikuwa kuzungumza. Yule mama alikuwa anakaa kwenye kigoda, anauliza, anajibiwa, anauliza tena. Mara nyingine alikuwa anasema jambo kuhusu matope ya kule ambalo bwana yangu hakulijua, naye alikuwa anacheka na kutikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi nilikuwa napeleka chai, napokea "asante, maman", narudi jikoni na sinia tupu.

Jumamosi vyuma vikafika katika mfuko wa mchele, vya mbele na vya nyuma vimefungwa mbalimbali. Vilitoka kwa muuzaji anayefungua magari yaliyokufa na kuuza viungo vyake, na kila kipande kilikuwa kimeandikwa kwa chaki: 39 kwenye kuroni zote mbili, 8 kwenye pinyo zote mbili. Bwana yangu akasoma maandishi, akaridhika. Nikajitolea kuviosha. Alinitazama kidogo, kwa mshangao, kisha akasema sawa.

Niliviosha kwa mazutu, yale mafuta ya dizeli, na brashi kuukuu, chaki ikatoka pamoja na uchafu. Na kwa kuwa vilikuwa mikononi mwangu, nikahesabu meno. Kuroni ya nyuma ilikuwa na thelathini na tisa, na pinyo yake nane. Kuroni ya mbele ilikuwa na arobaini na moja. Nikafunga kitambaa kwenye jino moja ili nisijichanganye, nikahesabu upya, halafu tena. Arobaini na moja. Pinyo yake ilikuwa na meno tisa. Nikafanya hesabu kichwani. Ya nyuma ilikuwa karibu tano, ya mbele ilikuwa nne na nusu na kidogo. Kwa macho zilionekana kama mapacha, lakini hazikupatana.

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimesikia somo lote nikiwa kwenye karai la nguo.

Ningemwita. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, chini ya gari, na buti za yule mama zilikuwa kando ya miguu yake. Walikuwa wanacheka. Nikavikausha vile vyuma, nikavipanga juu ya gunia, nikaingia ndani. Nilitaka jambo moja tu, na ninaona haya kuliandika: nilitaka yule mama amwone bwana yangu akikosea.

Jumapili, kanisani, tulipofika kwenye ile sala ambapo tunakiri hata yale mema tuliyoacha kuyatenda, nilifungua mdomo bila kutoa sauti.

Kazi ilichukua siku tatu. Bwana yangu hufanya kazi kwa utaratibu. Alipaka meno rangi nyekundu nyembamba, akazungusha, akatazama rangi imefutika wapi ili ajue meno yanaumana katikati ama ukingoni, akaongeza kipande cha bati chembamba kama ukucha, akazungusha tena. Kila mara alikuwa anamwita yule mama aje aone. Mimi hakuniita. Nilikuwa namwangalia akihangaika kwa uangalifu wote ule juu ya chuma nilichojua kuwa si chenyewe, na wivu ule ukawa na ladha nyingine mdomoni, chungu, lakini sikuutema.

Siku ya Alhamisi walipanda mlima kwa kujaribu. Kwenye lami hawaunganishi magurudumu yote manne, kwa hiyo ponti ya mbele ilizunguka tu bila kazi, haikulalamika. Walirudi wamefurahi. "Inapanda sawa mbuzi!" yule mama alisema, na hapo hapo vijana wa mizigo wakaanza kupakia, maana alitaka kuondoka siku ile ile. Mzigo ulipofungwa turubai, alichukua kigodoro chembamba kilichokunjwa na kamba, akakisukuma nyuma ya kiti.

"Hicho ni cha nini?" nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

"Nikikwama, mi nalalaka humu. Mara moja nililala siku ine, peke yangu na samaki." Akacheka. "Maman, asante kwa chai. Bwana yako alinielezea kama wewe ndio ulisomaka mahesabu sana. Eti yeye anahesabu na vidole, wewe unahesabu na kichwa. Uko na bahati. Wangu hajawahi kunisifu mbele ya mutu."

Hata sifa zangu bwana yangu alikuwa amempa yeye, si mimi. Nilisimama pale nimeshika sinia, na sikujua kama nataka kulia au kumrushia mtu vikombe. Yule mama alikuwa tayari amepanda.

"Kesho ntakuwa mu matope," alisema kupitia dirishani. "Ntaweka yote ine, tutaona kazi ya papa."

Nikakitazama kile kigodoro.

"Usiende," nikasema.

Bwana yangu akageuka. "Asiende juu ya nini, kwa sababu gani?"

"Ponti ya mbele si trente-neuf na huit. Ni quarante-et-un na neuf, arobaini na moja kwa tisa. Nilihesabu mara tatu."

"Muuzaji aliandika na chaki. Nilisoma mi mwenyewe."

"Chaki ilitoka na mazutu. Mi nilihesabu meno."

Hakubisha tena. Aliinua nyuma ya gari kwa jeki, akatia alama kwenye gurudumu na kwenye ule mti wa chuma unaotoka kwenye mota, akazungusha magurudumu mzunguko mmoja, akahesabu mizunguko ya mti kwa sauti. Ilikuwa karibu mitano. Akaenda mbele, akafanya vile vile. Mti ulisimama kwenye minne na nusu na kidogo. Akafuta alama kwa kidole, akanigeukia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya posho, ile Jumamosi, wakati naosha."

"Na ulinyamaza juu ya nini?"

Ni yule mama aliyeshuka, taratibu safari hii, akajibu kwa niaba yangu. "Papa, acha. Mi najua juu ya nini." Kisha akanikabili. "Maman, niko na bwana wangu. Bwana ya watu simutaki."

"Haiko ile ya mapenzi," nikamwambia. "Ni vile anakuelezeaka."

Bwana yangu akatazama mikono yake.

Mzigo ulishushwa. Samaki walilala katika chumba chetu cha mbele siku nane, na nyumba nzima, mpaka madaftari ya watoto, ikanuka. Yule mama alikuwa anakuja asubuhi, anasimama karibu na lango, haketi, hanywi chai. Safari yake ilikuwa imechelewa kwa sababu yangu na hakuficha kwamba analijua hilo. Bwana yangu aliongea nami mambo ya watoto tu. Siku aliporudi na vyuma vingine kwa ajili ya mbele, aliviweka mezani kando ya sahani yangu, vimefungwa kwenye gazeti.

"Hesabu."

Nikahesabu. "Trente-neuf na huit."

Kisha akavivuta kwake akahesabu na yeye, kwa kidole, jino kwa jino, hapo mbele yangu. Sikumlaumu.

Tangu hapo ananieleza mambo. Nisiseme uongo, ananieleza vibaya. Anakimbia, anaruka hatua, anakasirika nikimkatiza, na wateja bado anawaeleza kwa ile sauti ya upole. Nikiisikia, mkono wangu unasimama juu ya sufuria. Nilifikiri nikishajua vyuma, jambo hili litakwisha. Halijaisha.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye soko la Mudaka kununua maharagwe, nikasikia honi. Ilikuwa ile pikapu, matope mpaka kwenye madirisha. Yule mama akaruka chini, tukasalimiana kwa mikono miwili.

"Ponti haijaniangusha hata mara moja," akasema. "Umuambie papa. Na aningojee, juu nimepata gari ya pili, ntaileta mwezi huu. Nayo nataka mapine makubwa."

"Karibu," nikamwambia.

"Maman, ile wivu ilishaisha?"

Nikajaribu kusema ndiyo. Alinitazama usoni, akaanza kucheka, akanisaidia kunyanyua gunia la maharagwe mpaka kwenye pikipiki iliyonileta, na njia nzima ya kurudi Bukavu nilikuwa napanga maswali ambayo safari hii nitamuuliza bwana yangu kabla yule mama hajamuuliza.