Hita Yangu ya Sebuleni

Chekeni mpaka mchoke, ila jiko la mkaa halirudi sebuleni kwangu. Hapa Ilomba mwezi wa saba baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na sisi tulikuwa tunafunga madirisha na kuota mkaa mpaka vichwa vinatuuma. Nikasema basi. Mke wangu akanisihi nisubiri kwanza mama yake, aliyekuwa anakuja kututembelea kutoka Iringa, aondoke. Nikamjibu kwamba mkwe wangu hatavuta hewa ya mkaa nyumbani kwangu.

Nikaenda Mbalizi, nikaingia duka la vifaa vya umeme na kuomba hita, tena ile kubwa. Muuzaji akataka kufungua boksi anionyeshe. "Acha tu," nikamwambia, "mimi si mshamba." Siku hiyo hiyo jiko nikampa jirani.

Mama mkwe alipofika akitetemeka, nikamketisha mbele, nikafungua boksi kwa mbwembwe. Ndani kulikuwa na kile chuma kilichojikunja cha kuchemshia maji ya kuoga. Mke wangu akaangalia dari. Mimi nishindwe? Nikaleta ndoo ya maji katikati ya sebule, nikatumbukiza hita yangu, nikachomeka kwenye umeme. Mvuke ukapanda, na joto likaja, msinisingizie.

Mama mkwe akajifunga kitenge vizuri, akainamisha macho.

"Baba Neema," akauliza taratibu, "hapa kwenu anaanza kuoga mgeni au mwenyeji?"