Miaka Sita ya Kughushi Yamkwamisha Haroun

Haroun Gharib amezidi umri kwa miaka mitatu, na kosa ni lake mwenyewe.

Kikosi kimoja cha upelelezi cha taifa, huko nyumbani Tanzania, kinaajiri. Mwombaji asizidi miaka thelathini, awe amemaliza kidato cha nne, asiwe na rekodi ya jinai, na awe mkweli. Haroun ana miaka ishirini na saba. Pasi yake ya kusafiria inasema thelathini na mitatu.

Saa moja asubuhi, kwenye stoo ya mizigo karibu na Barabara ya Zhanqian, mjini Guangzhou, China, amepanda juu ya robota la suruali za jinzi, analikanyaga ili kamba zikaze. Hulipwa yuani kumi na tano kwa robota. Siku nzuri hufunga ishirini.

"Mtu akificha kitu humu, nalipiga kofi tu najua," anasema, na kulipiga. "Miaka kumi nafunga mizigo. Wapelelezi watapata wapi mtu kama mimi?"

Umri aliuongeza akiwa na miaka kumi na saba. Mjomba wake aliona kijana mdogo hatapewa viza ya biashara, akampeleka kwa fundi wa vyeti. Asubuhi alitoka nyumbani na miaka kumi na saba, jioni akarudi na ishirini na mitatu. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Hata ndevu hakuwa nazo.

Balaa likaja kwenye fomu, swali la kumi na nne: umewahi kuipa serikali taarifa za uongo? Haroun alilitazama siku tatu. Mwenye stoo, Bi Mwanakhamis, mwanamke wa Unguja asiyebembeleza mtu, alimkatia shauri huku akipima mizigo.

"Ukisema kweli, wewe mwongo. Ukisema uongo, wewe mzee. Chagua, mwanangu, lori linangoja."

Alichagua kweli, akaieleza ukurasa mzima. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: umri umezidi, arekebishe nyaraka kisheria, ndipo aombe tena. Mwezi ujao anakwenda Dar es Salaam kula kiapo, shahidi wake mama yake.

"Bado nina miaka mitatu halali," anasema. "Inatosha."

Ila fomu ilitaka wadhamini wawili, akawaomba humo humo kazini, kwa hiyo stoo nzima ikajua umri wake wa kweli. Maulid, mfungaji mwenzake, ana miaka thelathini. Kwa miaka saba amekuwa akimwamkia Haroun kila asubuhi, na wakati wa chakula akimwachia kiti pekee chenye mgongo. Siku aliyosikia habari hizo hakugomba. Alikivuta kiti, akakaa, akakunja nne.

"Marahaba," akasema, kabla hajaamkiwa.

Stoo ina wanaume tisa. Saba wamemzidi Haroun umri. Leo, kabla ya kugusa kamba, ametoa shikamoo saba, na chakula cha mchana amekula amekaa juu ya katoni.