Kioo cha Bafuni Ukweni

Jamani, wengine huvuliwa nguo na watu, mimi nilijivua mwenyewe, ukweni Sanya Juu, mchana kweupe, na wa kumlaumu sina kwa sababu fundi umeme wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Baba yake Aikande, mchumba wangu, hakuwa na hakika kama fundi wa Kiboriloni anafaa kuwa mkwe, nami nikataka kumwonyesha ujuzi, basi bafu la wageni linalopakana na sebule (mzee anajiandaa kupokea watalii) nikaliwekea, kwenye ukuta wa upande wa sebule, kile kioo cha kisasa chenye fuwele za kimiminika ndani yake: bila umeme chembe zake zimekaa shaghalabaghala, kioo kinakuwa cheupe kama mtindi, ukiwasha zinajipanga kama wanafunzi mstarini, unaona mpaka ng'ambo. Kinataka swichi yake peke yake, ila nikaona uvivu kuchimba ukuta, nikakiunga na ya taa, nikasema nitatenganisha Jumatatu.

Jumamosi tukaenda kuposa. Umeme ulikuwa umekatika. Nikapokea kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili, kata ikainama, nusu ikaishia kwenye suruali. Aikande akaninong'oneza, "Nenda bafuni, nakuletea suruali ya kaka."

Nikaingia, nikabonyeza swichi kwa mazoea, taa haikuwaka, nikaiacha hivyo hivyo, nikavua. Sebuleni mzee wa kanisa akaanza sala, na mimi (Mlutheri mwema) nikainamisha kichwa humo humo, nikiwa na chupi tu. "Amina," wakasema wote, wakafumbua macho, na umeme ukarudi.

Sasa mtu mwenye akili angezima swichi. Mimi niliwaamkia: "Shikamooni."

Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge. Baba mkwe akauliza taratibu, "Hii ndiyo kazi uliyotufanyia?" Nilijua nimempoteza Aikande, na iliniuma kweli.

Kesho yake nikarudi na jani la isale, maana Mchaga ukimletea isale kuomba radhi, ni vigumu akufukuze. Mzee akalipokea, akaligeuzageuza weee, mwisho akasema, "Binti nakupa. Umeme wangu usiuguse tena."

Tumeoana, na kazi ya leo siiachi tena mpaka Jumatatu. Ila balbu ikiungua pale ukweni wanamwita fundi kutoka Kwa Sadala, na mimi ndiye ninayemshikia ngazi.